Uvimbe Aliouficha Fundi Kola

Bi Kitana alisuka nywele kwenye kibaraza cha nyumba yake. Mikono yake ilikuwa myepesi, na mdomo wake mwepesi zaidi. Wateja walisema ukienda kwake unaondoka na vitu viwili: kichwa kizuri na habari za mtaa mzima. Lakini kulikuwa na habari moja ambayo hakuijua, nayo ilikuwa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Mumewe alikuwa fundi cherehani. Watu walimwita Fundi Kola, kwa kuwa hakuna aliyeshona kola ya shati ikakaa vizuri kama yeye. Alifanya kazi katika karakana ya sare za shule. Alikuwa mpole, mtu wa maneno machache. Mkewe alipenda kumtania mbele ya wateja.

"Mimi nimeolewa na cherehani," alisema. "Tena cherehani ina kelele kuliko huyu bwana."

Asubuhi ya Jumamosi, Bi Kitana alimkuta mumewe anakunywa chai amesimama, ameegemea ukuta.

"Baba watoto, kaa unywe chai. Kiti kimekukosea nini?"

"Kazini nakaa kutwa. Acha ninyooshe miguu."

Jibu lilikuwa na maana, lakini halikumtosha. Wiki nzima alikuwa ameona mambo. Mumewe alikuwa anatembea miguu wazi kama bata. Akikaa, alikaa kwa tako moja, ukingoni mwa kiti. Chakula alikigusagusa tu, kisha anasema ameshiba. Na akienda chooni, alikaa huko muda mrefu, akatoka na jasho usoni.

Siku hiyo Bi Kitana alikuwa anafua. Akashika suruali ya kazi ya mumewe. Nyuma, kwa ndani, kulikuwa na doa la damu. Kando ya damu kulikuwa na kitu cheusi chenye mafuta. Kilinuka vikali, na kitambaa kilikuwa kimetoboka pale kilipogusa.

Aliliacha beseni na povu lake, akaingia ndani na kufunga mlango.

"Hii damu ni ya nini?"

Fundi Kola aliiangalia suruali, kisha akaangalia sakafu.

"Niache, Mama watoto."

"Sikuachi. Ulinioa mwenyewe, hukulazimishwa. Sema!"

Aliegemea ukuta. Kisha akasema kwa sauti ndogo, kama mtoto aliyevunja sahani.

"Nina uvimbe. Huku nyuma. Kwenye njia ya haja kubwa."

"Tangu lini?"

"Wiki iliyopita. Nilikwenda haja, choo kikawa kigumu sana. Nikajikamua mpaka nikaona nyota. Kesho yake nikagusa, nikakuta kitu kigumu kama punje ya harage. Kinauma, mke wangu. Nikikaa ni kama nimekalia kaa la moto."

Hasira na huruma vilimshika Bi Kitana kwa pamoja. Hakujua aanze na kipi.

"Na hiki cheusi?"

Fundi Kola aliinama. Akatoa kopo dogo chini ya kitanda. Lilikuwa kopo la zamani la dawa ya viatu. Ndani yake mlikuwa na dawa nzito kama lami.

"Nimenunua kwa Daktari Mizizi."

Daktari Mizizi hakuwa daktari. Alikuwa mtu wa sokoni mwenye meza, mwavuli na kipaza sauti. Kutwa nzima alipiga kelele: "Bawasiri! Nguvu! Mgongo! Kinyama kinakatika na mzizi wake!" Dawa yake ilikuwa moja, na magonjwa yalikuwa yote.

"Alikupima?" Bi Kitana aliuliza.

"Hapana. Nilimnong'oneza tu. Akasema ni bawasiri, nipake asubuhi na jioni. Akasema itawaka, lakini nisiogope. Eti ikiwaka ndiyo mzizi unatoka."

"Ikawaka?"

Fundi Kola alitikisa kichwa kukubali. Machozi yalimlengalenga. Mkewe hakuwahi kuyaona machozi hayo, hata siku ya msiba wa baba mkwe.

Bi Kitana alitazama stuli iliyokuwa kando ya kitanda. Dawa ilikuwa imemwagika kidogo ukingoni. Pale ilipomwagika, rangi ya stuli ilikuwa imebanduka mpaka mbao ikaonekana.

"Ee Mungu wangu!" alisema. "Kitu kinachobandua rangi ya stuli, wewe unakipaka mwilini! Stuli tu imeshindwa kuvumilia, sembuse ngozi ya mtu?"

Alitoka nje, akaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa jirani. Jirani huyo alikuwa muuguzi wa kituo cha afya. Siku hiyo alikuwa mapumziko, anaanika nguo.

"Jirani! Njoo, nakuomba. Shemeji yako anataka kujiua kwa aibu."

Muuguzi alikuja akiwa bado na vibanio vya nguo mkononi. Hakucheka wala hakushangaa. Alivuta kiti mbele ya Fundi Kola, akamuuliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza habari za watoto.

"Pole, shemeji. Una homa? Unatetemeka kwa baridi?"

"Hapana."

"Mkojo unatoka vizuri?"

"Unatoka."

"Kuna usaha? Au uvimbe unazidi kutanuka na kupwita?"

"Hapana. Kilichozidi ni kuungua."

"Sawa. Ungekuwa na homa, au usaha, au mkojo umegoma, ningekwambia tuondoke sasa hivi tena mbio. Hilo linaweza kuwa jipu, na jipu la sehemu hiyo halisubiri. Hata hivyo leo hii lazima uonwe. Kwanza kaoshe hiyo dawa kwa maji safi mengi, maji yanayotiririka. Usisugue. Usipake kitu kingine chochote. Kopo tunakwenda nalo."

"Si tungoje Jumatatu?" Fundi Kola alisema. "Labda itapoa yenyewe."

"Mficha maradhi…" muuguzi alianza.

"Acha methali!" Bi Kitana alimkatiza. "Huyu ameyaficha mpaka suruali imetoboka. Kaoge, baba, twende."

Kituo cha afya hakikuwa mbali. Aliyekuwa zamu ni afisa tabibu mwanamke, kijana, wa umri wa binti yao wa kwanza. Fundi Kola alipomwona, akageuka kama anayetaka kurudi mlangoni.

"Kulikoni?" mkewe aliuliza.

"Yule ni mtoto. Nitamvulia nguo vipi?"

Bi Kitana alishika kiuno.

"Unamwonea aibu mtu aliyesomea kazi hii? Mbona hukumwonea aibu mtu mwenye kipaza sauti katikati ya soko?"

Afisa tabibu alisikia. Akatabasamu kidogo.

"Baba, usimwogope mama, na mimi usiniogope. Ukitaka kuonwa na mwanamume, mwenzangu ataingia baadaye kidogo. Unaweza kumsubiri. Ni haki yako."

Fundi Kola alimtazama. Akapiga moyo konde.

"Hapana. Niangalie wewe."

Afisa tabibu alivuta pazia. Alimweleza kila jambo kabla ya kulifanya. Alimwambia alale ubavu wa kushoto, akunje magoti kuelekea kifuani, na ajifunike shuka. Akavaa glavu.

"Nitaangalia kwa nje tu, kwa kuwa kuna kidonda. Ukisikia maumivu sema, nitasimama."

Haikuchukua muda. Fundi Kola alipokaa tena, kwa tako moja, alionekana kama mtu aliyetua mzigo.

"Ni saratani?" aliuliza. Kumbe hilo ndilo lililokuwa likimla moyo wiki nzima.

"Hapana, baba. Hiki si saratani. Kuna mishipa midogo ya damu kuzunguka njia ya haja kubwa. Sote tunayo. Mtu akijikamua sana, mishipa hiyo huvimba. Hiyo ndiyo watu wanaiita bawasiri. Wakati mwingine damu huganda ndani ya mshipa wa pembeni. Hapo kinatokea kiuvimbe kigumu, cha rangi kama ya zambarau, na kinauma ghafla. Ndicho ulichonacho."

"Kinakatwa?"

"Ungekuja siku ile ya kwanza au ya pili, na maumivu ni makali, tungeweza kukutia ganzi na kuitoa ile damu iliyoganda. Sasa siku zimepita, na uvimbe wako umeanza kunywea. Mara nyingi hunywea wenyewe."

Bi Kitana alisogea mbele.

"Ngoja, mwanangu. Unasema uvimbe unanywea wenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa kinachomtesa ni nini?"

Afisa tabibu alilifungua kopo, akanusa kwa mbali, akalifunga.

"Ni hii. Uvimbe unapona. Kinachomtesa ni kuungua. Ngozi yote ya pale imebabuka, na ndiko damu inakotoka. Angeendelea, lingebaki kovu la kubana njia. Nimewahi kumpokea mtu wa namna hiyo. Alihitaji upasuaji ili aweze tu kwenda haja."

Bi Kitana alihisi masikio yanawaka. Mtu amemkuta mumewe anaumwa, akamuumiza zaidi, na akapokea pesa juu yake!

Afisa tabibu alisafisha kidonda, akampa mafuta ya vidonda vya moto, dawa ya maumivu, na dawa ya kulainisha choo. Kisha akaeleza ya nyumbani.

"Kalia maji ya vuguvugu kwenye beseni, kama robo saa, mara mbili au tatu kwa siku, na kila ukitoka haja. Vuguvugu, si ya moto. Usitie chumvi wala dawa ya kuua vijidudu. Kunywa maji mengi. Kula mboga za majani, matunda na maharage. Haja ikija, nenda. Usijikamue, na usikae chooni ukingoja. Ikigoma, toka, urudi baadaye. Na usikitumbue wala kukikata mwenyewe. Ukiona homa, usaha, au damu nyingi, njoo siku hiyohiyo." Akachukua kalamu. "Baba, nikuulize. Choo kigumu umekuwa nacho siku nyingi?"

"Miezi."

"Maji unakunywa?"

"Kidogo. Kazini sinywi kabisa."

"Kwa nini?"

Fundi Kola alimtazama mkewe, kisha akasema lile ambalo hata mkewe huyo hakulijua.

"Nikinywa nitabanwa. Na choo cha karakana kina kufuli. Ufunguo anao msimamizi, anauvaa shingoni. Ukitaka kwenda, unasimama mbele ya watu wote unaomba. Anakuuliza: haja gani? Ndogo au kubwa? Watu wanacheka. Mara nyingine anakataa, anasema subiri mapumziko. Basi tunabana. Wanawake ndio wanapata tabu zaidi."

Afisa tabibu aliweka kalamu chini.

"Watu wazima?"

"Watu wazima."

"Baba, haja ukiibana, utumbo unaendelea kunyonya maji yake. Kinabaki kitu kikavu kama jiwe. Ndipo unajikamua, ndipo mishipa inavimba. Mimi nitakupa dawa, lakini lile kufuli likibaki, utarudi hapa."

Wakati wa kurudi walipita sokoni. Muuguzi, aliyekuwa amewasindikiza, alijaribu kumshika Bi Kitana mkono, lakini wapi. Aliifuata sauti ya kile kipaza sauti mpaka kwenye meza, akaliweka kopo juu yake.

"Hii umemuuzia mume wangu. Imemchoma mpaka ngozi imetoka."

Daktari Mizizi alitabasamu kwa wateja wake.

"Mama, atakuwa amezidisha. Dawa ya kweli lazima iume."

"Dawa ya kweli? Basi paka kidogo hapo mkononi mwako. Watu wote hawa waone."

Watu walisogea. Daktari Mizizi aliitazama ile dawa. Hakulifungua kopo. Alizima kipaza sauti.

"Paka!" mtu mmoja alidakia kutoka nyuma.

Hakupaka. Alianza kukunja mwavuli. Bi Kitana alilichukua kopo, akalipeleka kwa afisa wa afya wa soko. Jumatatu meza ile haikuwepo tena. Watu walimpongeza, lakini yeye hakufurahi.

"Mnanipongeza nini?" alisema. "Huyo kahama tu. Huko alikohamia hakuna matako?"

Kwa upande wa karakana, Fundi Kola alimsihi mkewe asiende.

"Nakuomba. Ukienda kupiga kelele pale, mimi nitafukuzwa. Cherehani ninayo moja tu ya kazi, na ni yao."

Hilo lilimuuma Bi Kitana, lakini alilimeza.

"Sawa. Siendi. Lakini aibu si yako wewe. Ni ya anayevaa ufunguo wa choo shingoni kama mkufu wa dhahabu."

Fundi Kola alipumzika nyumbani. Alikalia beseni lake la maji ya vuguvugu, akala mboga zake, akanywa maji. Choo kikalainika. Kidonda kikakauka. Uvimbe ukabaki kama punje ya mtama, kisha ikabaki ngozi laini tu. Alirudi kazini akiwa na chupa kubwa ya maji.

Siku moja mchana Bi Kitana alimpelekea chakula. Alipofika kwenye mlango wa karakana, alisikia sauti ya msimamizi.

"Wewe si juzi tu ulikuwa mgonjwa? Leo tena choo? Haja gani?"

Watu walicheka kidogo. Bi Kitana alikaza mkono kwenye bakuli. Mguu mmoja ulikuwa tayari umevuka kizingiti. Ndipo akaisikia sauti nyingine. Ilikuwa ya mumewe, lakini hakuwahi kuisikia ikiwa juu namna ile.

"Haja kubwa."

Kicheko kiliongezeka.

"Chekeni," Fundi Kola alisema. Alikuwa amesimama katikati ya mashine. "Mimi nilibana kwa sababu ya ufunguo huo. Nikapata uvimbe kwenye njia ya haja kubwa. Nikaona aibu kusema, nikaenda kwa tapeli, akanichoma. Nimelala kifudifudi kama gogo, nalia. Kwa nini? Kwa sababu mtu mzima mwenzangu amenifungia choo! Nimeulizwa haja gani, nimejibu. Sasa lete ufunguo."

Hakuna aliyecheka tena. Kwenye meza kubwa ya kukatia, mama mmoja mkataji wa vitambaa aliweka mkasi chini.

"Na mimi naumwa," alisema. "Sinywi maji tangu asubuhi. Kila siku."

Mashine moja ilizimwa. Ikafuata ya pili. Kidogo kidogo karakana nzima ikanyamaza.

"Hii ni amri ya tajiri!" msimamizi alisema. "Mlikuwa mnaficha vitambaa chooni!"

"Nani alificha?" Fundi Kola aliuliza. "Mtaje. Kama humjui, usiyaadhibu matumbo yetu sote. Tajiri aitwe."

Tajiri aliitwa. Alikuja amekasirika kuona mashine zimenyamaza. Alisikiliza. Alijaribu kusema habari za nidhamu, lakini mama mkataji alimuuliza swali moja tu.

"Mzee, choo cha ofisini kwako, ufunguo wake unamwomba nani?"

Tajiri alikohoa. Alitazama mashine zilizonyamaza, akatazama marobota ya sare yaliyokuwa yakingojwa na shule. Kisha akamwambia msimamizi afungue lile kufuli na asilirudishe. Watu waliendelea kukaa. Hawakuwasha mashine mpaka kufuli lilipotolewa mlangoni kwa macho yao. Bi Kitana, pale mlangoni, aligundua kwamba chakula kimepoa, na kwamba analia.

Alipokuwa anaondoka, mama mkataji alimfuata hadi nje.

"Dada, na mimi nina yangu. Lakini si uvimbe. Natoka damu nikienda haja. Ni mwaka sasa. Kila mtu ananiambia ni bawasiri, itaisha."

"Nani kakuona?"

"Hakuna."

"Mwaka mzima! Wanajuaje kama hawajaona?" Hasira zilimpanda upya. "Kesho asubuhi tunakwenda, mimi na wewe."

Afisa tabibu hakumtisha mama mkataji, lakini hakulichukulia jambo lile kirahisi.

"Mara nyingi damu ya namna hii kweli huwa ni bawasiri," alisema. "Lakini huwezi kujua bila kupima. Mtu akitoka damu, au choo kikawa cheusi kama lami, au akakonda bila sababu, au mwendo wake wa choo ukabadilika kwa wiki nyingi, lazima aangaliwe ndani." Akampa rufaa kwenda hospitali kubwa.

Kule waliangalia utumbo kwa kamera ndogo. Wakakuta kinyama kimeota ndani. Hakikuwa saratani bado. Kingeachwa, kingeweza kuwa. Wakakiondoa palepale, wakampangia tarehe za kurudi kuangaliwa.

Baada ya wiki kadhaa mama mkataji alikuja kusukwa. Uso wake ulikuwa umejaa, na alikuwa amerudi kwenye meza yake ya kukatia. Wateja wengine walikuwa wamekaa wakingoja zamu. Mmoja akamuuliza, kama watu wanavyoulizana, "Tulisikia ulipelekwa hospitali, dada. Ulikuwa unaumwa nini?"

Mikono ya Bi Kitana ilisimama juu ya kichwa cha mama mkataji.

"Nilikuwa natoka damu njia ya haja kubwa," mama mkataji alijibu, bila kushusha sauti. "Nikaenda, nikapimwa, nikatibiwa."

Hakuna aliyecheka. Kisha msichana mmoja aliyekuwa amekaa pembeni, ambaye hakuwa amesema neno tangu afike, aliinua stuli yake. Akaisogeza mpaka karibu na magoti ya mama mkataji.

"Dada," alisema, "pale mlangoni kwa daktari, ulianza kwa kusema nini?"